Na Mwandishi Wetu

Jumamosi, saa nane mchana, Ngara,
chumba cha juu ya duka la zipu na vifungo.
Tuko wanne. Kompyuta tatu, chupa ya chai,
waya wa umeme unaotoa cheche ukiguswa.
Hatulipwi; nauli kila mtu na yake.
Leo tunahukumu ukurasa wa Mumbua.

Aya sita tu. Aliyeziandika hatumjui,
na alikuwa na haraka:
"Mwanahabari shupavu, mzaliwa wa Kathiani,
mtetezi wa wanyonge."
Odera anafuta *shupavu*.
Kamusi elezo haisifu marehemu, anasema.
Anafuta na *wanyonge*: wanyonge gani, wangapi?
Nyaboke naye, kila baada ya nukta, anabandika
kile kibandiko chetu kidogo:
chanzo kinahitajika.
Alizaliwa: chanzo kinahitajika.
Alifukuzwa kazi: chanzo kinahitajika.
Alikufa.
Hapo hata Nyaboke anasita, halafu anabandika.

Mimi nanyamaza.
Nilipanga herufi zake miaka kumi na mmoja
kwenye gazeti lililokufa, kule Eneo la Viwanda.
Namjua: chai bila sukari, viatu vya kiume.
Usiku vibanda vilipobomolewa
alirudi na matope hadi magotini, akaandika wima.
Mhariri akataka iwe "wakazi walihamishwa".
"Kuhama wanahama ndege," akasema Mumbua.
"Hawa wamefurushwa."
Likapita *wamefurushwa*. Nililipanga kwa mkono huu.

Lakini jicho langu si chanzo.
Kanuni iko wazi, nami niliipigia kura:
amjuaye mtu asimwandike.

Saumu ametoka maktaba na nakala kumi na mbili,
shilingi kumi kila moja, wino umefifia pembeni.
Anazitandaza sakafuni, tunapiga magoti.
Habari ya mto uliogeuka zambarau.
Habari ya wafagiaji wasiolipwa tangu Pasaka.
Habari ya mochari, na majina, majina, majina
ya kila mtu isipokuwa yake.
Juu ya kila habari, kwa herufi za mlazo:
*Na Mwandishi Wetu*.

"Huyu anaweza kuwa yeyote," anasema Odera.
Kweli. Ndivyo ilivyokusudiwa.
Mwaka ule jina lilikuwa anwani,
na anwani ilikuwa mlango
unaogongwa saa tisa usiku.
Herufi sita za risasi, nilizitoa mwenyewe,
nikazirudisha kwenye trei, moja moja.

Tupige kura: kufuta au kubakiza?
Saumu, kubakiza.
Odera, kufuta. "Si chuki," anasema, "ni kanuni,"
na uso wake unaonyesha kwamba si chuki.
Nyaboke hajajibu. Amelala kifudifudi
juu ya nakala ya tisa, miwani mkononi kama lenzi,
anasoma chini ya tangazo la sabuni:

*Masahihisho. Katika toleo letu la Jumanne
jina la mwandishi, M. Mumbua, lilichapishwa
kimakosa. Tunaomba radhi.*

"Hiki hapa!" Saumu anapiga makofi.
Odera anasoma mara mbili, anakuna kidevu.
"Chanzo ni chanzo," anasema, na kubadilisha kura.

Kosa lile nalikumbuka.
Ilikuwa usiku, nilikuwa na homa, trei ilikuwa wazi,
vidole vikajiendea vyenyewe hadi kwenye M.
Au sikuwa na homa.
Miaka yote hii sijaamua.
Baada ya Jumanne ile hakuonekana wiki tatu,
na aliporudi
aliandikia mkono wa kushoto.
Chanzo: hakuna.

Aya sita zimebaki sentensi mbili.
*Mumbua alikuwa mwandishi wa habari Nairobi.
Katika miaka ya themanini aliandikia gazeti
ambalo kwa kawaida halikuchapisha jina lake.*
Nyaboke anaweka tanbihi, namba moja, peke yake.

"Wewe wa zamani," Odera ananisogezea kibodi,
"una la kuongeza kabla hatujahifadhi?"
Kishale kinapepesa mwishoni mwa *themanini*.
Chini dukani mtu anajaribu zipu,
anaifunga, anaifungua.

Niliongeza mkato.